Panzi Hafuti Kitu

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "afadhali" halafu nisikie kwa shangazi kwamba ngazi zimekushinda. Mimi mzima, nakohoa kidogo tu kwa vumbi la rangi.

Nimeona tangazo, nakuwekea humu ndani ya bahasha. Jengo la nyumba za kupanga, ghorofa nane, wanatafuta msimamizi: kupokea wapangaji, kusimamia matengenezo, kusuluhisha majirani. Chumba cha kuishi kimo humo humo. Naitaka kazi hii, Baba, naitaka kweli kweli!

Ushauri wako kuhusu wasifu wangu wa kazi nimeusoma: nifute kazi za kubahatisha, nibakize moja. Sifuti. Nimepaka rangi, nimezibua mabomba, nimepikia kambi ya wajenzi, nimekaa mapokezi ya nyumba ya wageni, nimeuza vifaa vya umeme. Nikifuta hizo, atabaki nani? Nimezipanga upya tu. Sikuanza na miaka, maana miaka inanifanya nionekane nakimbizwa na polisi. Nimeanza na kazi za kutengeneza, kisha za kuhudumia watu, kisha za kuuza, na kila moja nimeeleza kwa nini niliondoka. Ya kambi nimeandika: "Jengo liliisha." Sasa ningebaki nampikia nani?

Binti yako,
Panzi

12 Machi

Panzi wangu,

Marahaba. Goti halijambo, shangazi yako ana mdomo tu. Majirani wote wazima, wanakusalimu.

Barua yako imeninyima raha. Mimi nimekaa karakana moja ya reli tangu kijana mpaka nastaafu. Nikiulizwa nilifanya nini, najibu neno moja. Wewe ukiulizwa unaanza hadithi. Wakubwa hawana muda huo, mwanangu. Wakiona kazi tano wanasema huyu hatulii, anarukaruka kama hilo jina la utani nililokupa, na karatasi inakwenda kwenye pipa la taka. Nilikuwa naitwa kusaidia kuwasaili watu pale karakana, nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo nimefanya jambo, usifoke. Anwani ilikuwa kwenye tangazo, nami nimewaandikia. Nimesema ulikuwa chini yangu karakana miaka tisa, stoo ya vipuri, mtulivu na mwaminifu. Muhuri wa zamani wa karakana bado ninao. Nimeugonga mara mbili.

Wakikuuliza, wewe sema ndiyo tu.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Kwingine kote nachemka.

Niliitwa kwenye usaili. Mkuu wa kampuni yenye jengo ni mama mmoja mwenye miwani. Alitandaza karatasi mbili mezani, wasifu wangu na barua yako. "Hapa unapaka rangi, hapa unahesabu vipuri, na miaka ni ile ile. Nani mwongo?" Muhuri wako unatisha, ningeweza kujificha nyuma yake. Nikamwambia, "Mimi ndiye huyo wa kwenye wasifu. Barua ni ya baba yangu, ananipenda kupita kiasi."

Hakucheka. Alisema kazi ni yangu, ila aliyeandika barua ile aikane mwenyewe, kwa mkono wake, kabla ya mwisho wa mwezi ujao. La sivyo atamchukua mwingine.

Sikuombi uikane. Najua kuandika kwamba umedanganya kutakuuma kuliko goti. Lakini na mimi sitasema nilihesabu misumari yako miaka tisa. Miaka hiyo nilikuwa kazini, Baba! Hilo koti unalotambia majirani nilikununulia kwa mshahara wa kambi ya wajenzi.

Nikikosa, nitatafuta kazi nyingine, na hiyo nayo nitaiandika.

Binti yako asiyetulia

24 Aprili

Panzi,

Salamu utazipata siku nyingine. Hii hapa nakala ya niliyowapelekea.

"Mama Mkuu wa Kampuni,

Kwa heshima, barua yangu ya mwezi uliopita ni ya uongo. Binti yangu hakufanya kazi karakana yetu hata siku moja. Alikuwa anakuja kuniletea chakula, basi.

Niliona haya kwa kazi zake nyingi, nikamwazima kazi yangu moja. Aliipaka rangi nyumba yangu na mpaka leo haijabanduka. Alizibua mabomba ambayo mafundi wawili waliyakimbia. Kule kambini alipikia wanaume kikosi kizima, na hakuna aliyemvunjia heshima mara ya pili. Hakufukuzwa popote. Kama mnaona mtu wa namna hiyo hatulii, basi mchukueni mtu wa stoo, na siku bomba likipasuka awahesabie misumari. Hasara ni yenu, si yake.

Muhuri nimeuvunja kwa nyundo. Hii ni sahihi yangu tu.

Fundi mstaafu, baba wa mwombaji."

Usinijibu kwa machozi.

Baba yako

15 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, maana kitanda hakijaletwa. Chumba cha msimamizi kina dirisha moja na kinanitosha.

Leo asubuhi bomba la ghorofa ya tatu limepasuka. Mpangaji akanifokea, "Fundi anakuja saa ngapi?" Nikamwambia ameshafika, anishikie ndoo.

Mama mwenye miwani aliniuliza jina gani liandikwe kwenye mlango wa ofisi, ili atafute fundi wa rangi. Nikamwambia asihangaike. Nimeandika mwenyewe, herufi kubwa za bluu: PANZI.

Goti likipoa, njoo uone kama rangi yangu itabanduka.

Binti yako