Mama Mkwe Hakunitambua Ndani ya Koti la Kijivu

Mpendwa Shangazi Moraa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na naomba msaada wako kwa jambo ambalo ukilisikia unaweza kucheka kwa sababu ni jambo la nguo, lakini mimi silicheki, limeninyima amani ndani ya nyumba na sasa harusi inakaribia na sijui nifanye nini. Ukiliweka gazetini tafadhali badilisha majina yetu, mimi niite Thérèse, maana hapa Birmingham sisi Wakongo tunajuana wote.

Mimi ni mjane, natoka Bukavu, tunakaa Stechford, mimi na binti yangu Aganze na mama mkwe wangu, Mama Francine, mama mzazi wa marehemu bwana yangu Valère. Valère alikufa kwa ugonjwa wa figo, ile hospitali kubwa ya upande wa Bordesley Green tuliizoea mpaka walinzi wakawa wanatusalimia kwa majina, na mwaka ulipotimia tulifanya ibada ya kumaliza matanga, nikavua nguo nyeusi, bamama wa kanisa wakanivika kikwembe, yaani kitenge, kipya cha njano na wakaniimbia, na kila mtu akasema sasa Thérèse amerudi.

Lazima nikueleze Valère alikuwa mtu wa namna gani. Alipenda nguo kuliko chakula. Tangu tulipooana ni yeye aliyenichagulia kila kitu, vikwembe vya rangi kali, mikono iliyotuna kama maputo, kilemba kirefu, viatu vya kung'aa, na tukiingia kanisani alitaka watu wageuke, na waligeuka, naye alifurahi kama mtoto. Mimi sipendi kuangaliwa, lakini nilivaa kwa sababu niliipenda ile furaha yake, ila moyoni nilijisikia kama kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya wageni.

Sasa mwaka huu nimepata kazi mapokezi, kwenye kliniki ya meno kule Moseley, na pale kuna mwenzangu anaitwa Angeline, mtu wa Kisumu, na Jumamosi moja majani yalipoanza kuanguka alinivuta mkono akaniingiza kwenye duka la mitumba, yale maduka ya msaada ambako matajiri wa Moseley wanapeleka nguo ambazo hawajazivaa mara mbili. Nikaona koti. Shangazi, ni koti tu, la sufu, la kijivu, refu kupita goti, vifungo vya kawaida, halina kitu cha kung'aa hata kimoja. Nikalivaa nikajitazama kwenye kioo, nikaona mtu ninayemfahamu ambaye sijamwona siku nyingi. Nilikaa pale mpaka Angeline akaniuliza kama ninaumwa. Polepole nikaongeza sweta ya krimu yenye shingo ndefu, suruali nyeusi iliyokatwa wima, buti fupi za ngozi ya kahawia na skafu moja rangi ya mvinyo, na hizo ndizo nguo zangu za baridi hii, sihitaji nyingine. Aganze aliponiona mara ya kwanza aliacha simu yake, na huyo mtoto haachi simu, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba leo nafanana na mimi mwenyewe.

Lakini mama mkwe aliponiona alishika kifua. "Thérèse, unavaa majivu juu ya nini? Matanga tulishamaliza. Unataka kumuita mwingine akufe?" Nikamwambia ni koti la baridi tu, mama. Akaniambia baridi haichagui rangi. Kanisani nako maneno yakaanza, nusu ya bamama wanasema Thérèse bado ameshikwa na huzuni inabidi aombewe, nusu nyingine wanasema kuna mzungu huko Moseley anayependa wanawake wavae hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Basi nikaanza kutoka nyumbani nimevaa kikwembe, koti na suruali viko ndani ya mfuko, nikifika kazini nabadilisha chooni, na jioni nabadilisha tena kabla ya kurudi, mwanamke mzima, mama wa mtoto, kama binti wa shule anayewakwepa wazazi.

Wiki iliyopita tulifunga kliniki mapema, nikapita Bordesley Green kununua sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, bado niko na koti langu, na jua kidogo lilikuwa limetoka. Pale kituo cha basi nikamkuta mama mkwe, alikuwa ametoka hospitali kupimwa presha. Kabla sijasema kitu akanisogelea, akainama kidogo kwa adabu, akatafuta Kiingereza chake chote: "Sorry, madame. Bus, Stechford?" Shangazi, macho ya huyu mama ni mazima kuliko yangu. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Mama, ni mimi." Akanitazama kuanzia viatu mpaka juu. Ndani ya basi alikwenda kukaa kiti cha mbele peke yake.

Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake, akatoka na kitambaa cha harusi ya Junior, mdogo wake Valère, anaoa mwezi huu, na wanawake wote wa familia watavaa kikwembe kimoja cha bluu na machungwa. Akakiweka mezani. Akasema, "Hiki ndicho utavaa. Kama unakuja na lile koti, ukae kwa upande wa wageni. Mimi siwezi kukaa pembeni ya mutu nisiyemujua."

Tangu siku ile tunasalimiana tu. Je, nilitoe lile koti, nilirudishe dukani wampe mtu mwingine, ili nyumba ipone? Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nikilivaa nakuwa na furaha. Bwana yangu yuko kaburini na mimi ninafurahia koti ambalo yeye asingekubali hata kuligusa. Usiku wa kuamkia leo nilijiuliza kama kweli nilimpenda. Nisaidie, Shangazi, nimechoka kubadilisha nguo chooni.

Ni mimi,
Thérèse, Stechford

JIBU LA SHANGAZI MORAA

Thérèse mpenzi, pole sana. Pole ya Valère kwanza, halafu pole ya kile choo.

Wacha nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalokula usingizi wako. Ulimpenda. Miaka yote ya ndoa yenu, mwanamke asiyetaka kuangaliwa alikubali kuangaliwa kila Jumapili, kwa sababu mumewe alikuwa akifurahi. Kama hayo si mapenzi basi mimi nifunge ukurasa huu nikalime sukuma wiki. Lakini mlitofautiana kwenye rangi, na kutofautiana kwenye rangi si dhambi. Mume wangu mimi hula samaki pamoja na macho yake, na mimi hutoka mezani, na ndoa iko. Kufurahia koti si kumkana marehemu. Usilitoe. Tena ulilichagua vizuri: koti la sufu la kijivu, sweta ya krimu, buti za kahawia, na rangi moja tu ya kuchangamsha shingoni. Hizo ni nguo za mtu anayejijua. Baridi ya huku inataka hivyo, na nguo tulivu si nguo ya msiba.

Sasa nikugombeze kidogo, uvumilie. Unalalamika kwamba bamama wa kanisa hawakuja kukuuliza. Na wewe je, mama mkwe umemwambia nini? "Ni koti la baridi tu." Hilo ni jibu la kumpa kondakta. Mkwe wako ameishi nawe chini ya paa moja, mkauguza pamoja, mkazika pamoja, na jambo kubwa lililokupata tangu msiba, unamwambia Angeline, unaniambia mimi, yeye unamfichia kwenye mfuko. Mtu mzima akiona unamficha nguo, atafikiri unaficha kitu kilicho ndani ya nguo.

Jiweke kwenye viatu vyake pale kituoni. Ni mzee, yuko nchi ya watu, Kiingereza chake kinaishia kwenye kuomba njia. Kilichomweka kwenye nyumba yako ni mtoto wake, na mtoto wake hayupo. Kila ulipotoka chumbani na zile nguo alizokuchagulia Valère, huyu mama alikuwa anaona mkono wa mwanawe bado unafanya kazi. Halafu siku moja anaomba msaada kwa mgeni, na mgeni anamwita mama. Mimi ningekaa kiti cha mbele pia. Nafikiri, na naweza kukosea, kwamba hagombani na koti. Anajiuliza: huyu akishakuwa mtu mwingine, mimi nitakuwa wa nani?

Kwa hivyo fanya hivi. Usingoje harusi. Chagua asubuhi ambayo Aganze hayuko, pika chai, vaa hilo koti lako mbele yake, ukae. Mwambie ulivyoniambia mimi, mpaka ile habari ya kitanda cha wageni, hata kama itamuuma. Halafu mwambie kwa mdomo wako, bila kuzunguka, kwamba chumba chake ni chake, leo na siku utakayopata mume mwingine, kama Mungu akipenda. Wazee hawasomi mawazo, mama. Wanangoja kuambiwa.

Na siku ya harusi utavaa kitenge cha familia. Hapo sikubembelezi. Ile ni siku ya Junior, na kitambaa cha pamoja ni namna ya kusema huyu ni wetu. Ukikikataa, utakuwa umelitwika lile koti kazi ya kugombana, na koti halikununuliwa kwa kazi hiyo. Lakini mshono ni wako. Mwambie fundi akate gauni lililonyooka, mikono ya kawaida, bila maputo. Mlangoni mwa kanisa kukiwa na baridi, vaa koti lako juu yake, wala usimwombe mtu ruhusa. Bamama wa kanisa waache kwanza. Midomo yao itapata harusi ya kuisema, itatosha mpaka Krismasi.

Na kuanzia Jumatatu, toka nyumbani ukiwa umevaa unachotaka kuvaa. Choo cha kazini kina kazi yake nyingine.

Shangazi Moraa

BARUA YA PILI KUTOKA STECHFORD

Mpendwa Shangazi,

Uliponipigia simu kunisomea jibu kabla halijachapishwa, nilikuahidi kwamba nitakuambia mwisho wake, basi nimeona nisikawie.

Nilifanya kama ulivyosema. Aganze alikuwa kwa rafiki yake, nikachemsha chai, nikakaanga mandazi, nikavaa koti ndani ya jikoni lenye joto nikaonekana kichaa, nikamweleza mama mkwe kila kitu. Niliposema habari ya kitanda cha wageni nilifikiri atanipiga. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Halafu akauliza, "Na siku utaolewa?" Nikamwambia sina mtu, mama, na siku ikifika chumba chako ni chako, na atakayekuja atakukuta humo. Hapo akalia, na mimi nikalia.

Lakini Shangazi, kile ulichofikiri kilikuwa nusu tu. Nilimuuliza kwa nini hakunitambua pale kituoni, yeye ambaye ananijua mpaka kwa kikohozi. Akaniambia, "Sikuangalia koti, mwanangu. Niliangalia sura. Ulikuwa unakuja unacheka peke yako. Nikasema huyu mama mwenye roho nzuri hawezi kunikatalia. Siku mingi sijaona unacheka, sikukujua. Kile ndicho kiliniuma. Niko na wewe kila siku, na sura yako ya furaha siijui."

Nilimshika mkono tu.

Jumamosi iliyofuata yeye pia alitaka kwenda kuona hilo duka. Angeline alimtolea makoti ya kila namna, na yeye akayakataa moja baada ya jingine, hili la mwanaume, hili la polisi, mpaka akapata moja la kijani cha giza lenye kola pana, akasimama mbele ya kioo akajigeuza, akasema bei ni ya wizi, akalivaa mpaka nyumbani.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilivaa kikwembe, fundi alikikata wima kama ulivyosema, na kuna mama mmoja wa kwaya aliniomba namba ya huyo fundi. Tulipotoka nje kupiga picha mvua ilianza, bamama wote wakawa wanatetemeka, nikavaa koti langu, na mama mkwe akaja kusimama pembeni yangu, akaingiza mkono wake wenye baridi kwenye mfuko wa koti langu.

Watu wa upande wa bibi harusi, waliotoka Leeds, walikuja kusalimia. Siku zote, Shangazi, tukikutana na wageni huyu mama hunitambulisha kama bibi ya marehemu mtoto wake, na wageni wananipa pole, na mimi naitikia. Safari hii mama mmoja wao aliuliza mimi ni nani. Mama mkwe hakutoa mkono mfukoni. Akasema:

"Huyu ni Thérèse. Naishi naye."