Risasi Uliyoyeyusha Uani

Baba,

Nimekawia kukuandikia. Sikujua nianzie wapi kukupa habari za mjukuu wako, Suleiman.

Baada ya arubaini yako walikuja wauguzi zahanati yetu ya hapa Micheweni, wakawapima watoto wadogo damu, waone kama wana sumu ya madini ya risasi. Nikampeleka. Wakamchoma kidole, akalia kidogo, tukarudi. Siku ya tatu nesi akaja mwenyewe nyumbani. Hakutaka kukaa. Akanambia damu ya Suleiman ina sumu nyingi, akaomba nimuoneshe uani.

Nilimuonesha, Baba. Pale ulipokuwa ukivunja betri mbovu za gari na kuyeyusha risasi yake, ukiimimina kuwasubia wavuvi chubwi za kuzamishia nyavu. Akauliza mtoto alikuwa akicheza wapi. Alikuwa mapajani mwako. Nikimwita, ukisema, "Mwache, ananisaidia." Ukimpa chubwi zilizopoa azipange mkekani, naye akizitia mdomoni.

Kumbe ndiyo maana alichelewa kusema.

Nilikukasirikia. Mwezi mzima sikukusomea hata Fatiha. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukijishika tumbo, mikono ikikutetemeka, ukisema ni uzee tu, kumbe sumu ilikwisha kukuingia nawe. Nikalia mpaka Mama akaja kuninyamazisha.

Nesi alitaka na watoto wa majirani wapimwe, maana hucheza uani kwetu. Mama zao wakasita. Ami, nduguyo, akanionya kwamba maiti hasemwi. Lakini nilisimama mbele yao pale zahanati nikasema, "Sumu imetoka kwetu. Ni kazi ya baba yangu, na hakujua." Kesho yake wakawaleta.

Udongo wa uani umechimbwa, ukaenda kufukiwa mbali. Damu ya Suleiman imepungua sumu, ila daktari wa Chake Chake amenambia huenda yaliyopotea yasirudi yote. Maneno yake ni machache. Moja ni "Babu." Husimama mlangoni akaita, akangoja.

Akikua nitamwambia ulivyompenda, na nitamwambia lililompata. Sitamficha moja kwa ajili ya jingine. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mimi nimekusamehe, Baba. Nawe nisamehe, maana nilikuwa jikoni nikiusikia moshi ule, nikimshukuru Mungu kwamba mtoto ametulia.

Pumzika kwa rehema Zake.

Mwanao,
Asha