Mwacheni Ale

Troyeville, Johannesburg
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa chini, juu ya ule mkeka ulionipa nilipoondoka Kigoma, maana kiti leo kimenishinda. Mguu wako umetulia, au bado unakusumbua ikinyesha? Usingizi unaupata? Eda ni ndefu na wewe si mtu wa kushinda ndani. Mungu akupe subira, akupe na watu wa kuzungumza nao. Mimi ni mzima wa mwili, kazini naenda, chakula kinapita. Moyo ndio sijui niuambie nini.

Leo ni siku ya tisa tangu nijue kwamba Baba ametutoka. Wewe umehesabu siku nyingi kuliko hizo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Simu imetudanganya wote wawili, siitaki kwa maneno haya. Barua hii anakuletea mume wa Bi Zuhura, yule fundi cherehani wa Malvern, anayekuja huko kuwaona ndugu zake.

Nataka nikusimulie safari yangu ya Italia kama nilivyoiona mimi. Wewe uliiona kwa picha tu, tena ukiwa msibani.

Unamjua kwa habari Bibi Lucia, mzee ninayemtunza. Alizaliwa Italia, akaletwa huku na mumewe angali binti mbichi. Wanawe walitaka akaione nchi yake kwa mara ya mwisho, wakasema nifuatane naye kwa ajili ya dawa zake na kumshika mkono kwenye ngazi. Nilipomwambia Baba, hakuuliza habari ya ndege wala ya baridi. Alitaka nimpigie picha kila saa ya mnarani nitakayoiona, ajue wenzake wa huko wanazitunzaje. Fundi saa hata astaafu ni fundi saa.

Tulishukia Milano. Kuna kanisa la mawe meupe, kubwa kiasi kwamba watu wanapanda kutembea juu ya paa lake, nasi tukapanda kwa lifti, Bibi Lucia akinung'unika njia nzima kwamba nimemfunga skafu kama mtoto mchanga. Kahawa watu wa kule wanainywa wamesimama, mafunda mawili wameondoka. Mimi nikavuta kiti nikainywa taratibu kama tuko barazani kwetu, mhudumu akawa ananitazama kana kwamba nimekuja kuhamia. Kisha zikaletwa tambi, nikazikata kwa kisu. Bibi Lucia akaninyang'anya kisu mbele za watu. Nilicheka mpaka machozi, na jirani wa meza ya pili akatupiga picha kwa simu yangu. Ilikuwa Alhamisi mchana. Nikaituma kwenye kundi la familia.

Mama, Baba mlimzika Alhamisi ile, baada ya adhuhuri. Saa ile ile mimi nilikuwa nimejaza tambi mdomoni, nacheka. Picha ipo, siwezi kuitazama na siwezi kuifuta.

Shangazi alinijibu kwamba nimenawiri. Mdogo wangu Shabani akatuma kidole gumba. Turubai limefungwa uani, nyumba imejaa watu, na bado mlipata nafasi ya kunisifu.

Siku zilizofuata niliendelea. Nilituma mnara wenye saa ya namba za Kirumi, nikamtumia Baba kwenye simu yake mwenyewe. Jibu likaja: "Nzuri sana." Hapo ilinipasa kushtuka, kwa sababu Baba hajawahi kuiona saa ya mtu mwingine ikawa nzuri sana. Angesema inachelewa dakika nne. Lakini nikajiambia mzee kachoka. Sokoni nikamnunulia saa ya mfukoni iliyokufa kabisa, maana alizoea kusema saa inayokwenda haina mazungumzo.

Wiki ya pili tukaenda kwa kina Bibi Lucia, kijiji kilicho kando ya ziwa la Como, milima imelizunguka, na ng'ambo unaiona kama tunavyoiona Kongo siku ya anga safi. Dada yake alishafariki, nyumba yao wanakaa wengine. Tukaketi kwenye hoteli ndogo, ikaletwa sahani, nikainama kuitazama. Ugali, Mama. Wa mahindi ya njano, wenyewe wanauita polenta. Juu yake samaki wa ziwani waliotiwa chumvi na kukaushwa juani, wakachomwa, wakanyunyiziwa siki. Nilioneshwa chanja za kuanikia, ungesema ziko kwetu Kibirizi. Nilimega kwa mkono. Bibi Lucia safari hii hakusema neno.

Nikampigia Baba picha ile sahani, nikaandika: "Nimewamaliza, nimebakisha vichwa." Jibu halikuchelewa: "Kula na kichwa, ndiko kwenye utamu." Nikacheka tena, nikala vichwa.

Tuliporudi Johannesburg, Bi Zuhura akanipigia simu nipite kwake kabla ya kwenda nyumbani. Nilidhani anataka zawadi. Gari liliposimama kwenye robot, taa za barabarani, ya Jules Street nilikuwa bado napanga nani nimpe nini. Nikaingia, nikakuta wanawake sita mkekani wamejitanda kanga. Nikauliza ni nani aliyetutoka.

"Kaa kwanza," Bi Zuhura akasema.

Nikakaa. Wakanishika huku na huku, ndipo akaniambia. Najua ndiyo desturi yetu: aliye mbali haambiwi msiba akiwa peke yake, hutafutiwa watu wa kumkalisha, na Italia sikuwa na wa kunikalisha. Nimewahi kumfanyia mtu mwingine hivyo hivyo, nikajiona nina busara. Lakini nilipojua ni wewe uliyekataza, nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia sana. Bi Zuhura akanieleza maneno yako kama Shabani alivyoyafikisha: "Mwacheni ale. Akishajua hatakula tena."

Siku tatu sikupokea simu yako. Nilikuwa nimelala na simu mkononi, naisikia ikilia, naitazama tu. Nisamehe kwa hilo.

Bibi Lucia ndiye aliyenitoa kitandani. Alikuja na fimbo yake akakaa pembeni. Akasema mama yake alikufa yeye akiwa huku, barua ikachukua wiki nyingi kufika, na katika wiki hizo alikuwa amecheza dansi harusini. Hakunipa ushauri. Aliniambia niende nyumbani kwenye arobaini, atajifunga skafu mwenyewe.

Kwa hiyo nakuja. Nimeitanguliza barua ili nikifika tusihitaji kuelezana mbele za watu. Tulie tu.

Nisalimie Shangazi, dada yake Baba, umwambie sina kinyongo. Msalimie mjomba anayekuletea kuni, na jirani yetu mama wa mapacha. Shabani mwambie vifaa vya Baba asiuze hata bisibisi moja. Ile saa mbovu naileta, na isitengenezwe na mtu.

Neno la mwisho. Juzi nilisoma tena majibu yote yaliyotoka kwenye simu ya Baba. Nikafika kwenye lile la samaki, nikakaa kitako. Baba hakula kichwa cha samaki maisha yake yote. Kila mgebuka ulioingia nyumba ile, kichwa alikikata akakusogezea wewe, akisema hana meno ya kazi hiyo. Anayejua utamu ulipo ni mmoja tu. Ulikuwa ndani ya eda, siku chache tu umezika mume, ukachukua simu yake ukaniambia nile.

Siku nikifika pika migebuka, Mama. Vichwa nitakusogezea mimi.

Ni mimi mwanao,
Rehema