Kamati ya Nguo Zangu za Ulaya

Mama Kasoki mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya begi, kwa sababu nikiinuka linafunguka, na nakuomba unisaidie upesi maana safari ni wiki tatu zijazo na nyumbani hakukaliki. Mimi ni mume wa mtu, Mtanzania, mkazi wa Herndon, na kazi yangu kwa miaka kumi na moja ni kupakia mizigo ya abiria kwenye ndege pale uwanja wa Dulles, kwa hiyo usinicheke, begi nalijua, ila la kwangu mwenyewe sijalipakia tangu nifike nchi hii. Tafadhali usitaje jina langu.

Mke wangu Bupe anatunza wazee kule Fairfax, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hatujawahi kwenda popote wawili, hata fungate yetu Mbeya tulilala chumba kimoja na wajomba zake waliokosa usafiri baada ya harusi, basi mwaka huu amekusanya likizo yake yote na tukakubaliana Julai twende siku kumi na mbili, Lisbon, Paris na Roma, mimi na yeye tu, binti yetu Anna abaki kwa shangazi yake kule mji wa Laurel. Kosa langu ni hili. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa hapa, swali dogo tu, "Wapendwa, mtu akienda Ulaya kiangazi abebe nguo gani?" nikaenda kazini, na niliporudi jioni nikakuta imeundwa kamati.

Ina mwenyekiti, Bwana Fidelis, yule aliyesimamia harusi nne na misiba sita mwaka jana, ina katibu, ina kitengo cha viatu, na ina watu thelathini na mmoja, kumi kati yao siwafahamu. Mimi niliingizwa kama mjumbe asiye na kura kwa sababu, walisema, nina maslahi binafsi.

Kikao cha kwanza Shemasi Manirakiza, Mrundi, alisimama akasema, "Ulaya ni baridi, ndugu zangu. Mimi nilipita Bruxelles, nilitetemeka." Ikaja kujulikana kwamba alikaa uwanja wa ndege kwa muda wa saa tisa tu, tena mwezi wa Januari, lakini ndiye pekee aliyefika, hivyo likapitishwa koti la sufu linalogusa vifundo vya miguu, pamoja na mabuti. Mutai, Mkenya, akapinga, "Buda, ni summer, beba shorts na slippers, mambo iishe," akapewa onyo la maandishi. Mwenyekiti akanishika bega akaniambia, "Kaka, huko unatu-represent sisi wote, usije ukatuaibisha," na kweli, Mama, nikauona uzito wa jambo.

Michango ikaanza kuja, si ya fedha, ya nguo: suti tatu, kanzu mbili kwa tahadhari, tai kumi na nne, kofia ya manyoya iliyowahi kwenda Urusi, na fulana arobaini zenye picha yangu na maneno Safari Njema, ambazo kamati itavaa siku ya kunisindikiza. Jumamosi iliyopita nilifanyiwa majaribio kwenye ukumbi wa kanisa, nikatembea na koti na mabuti huku nje joto ni nyuzi thelathini na nne, nikageuka, wakanipa alama, kitengo cha viatu kikataka nirudie. Imeazimiwa nibadilishe nguo mara tatu kwa siku na picha zitumwe kwa katibu. Begi langu lilipojaa, kamati ikapitisha kwamba mabuti na suti ya tatu viingie kwenye begi la Bupe, na vimeingia.

Sasa Bupe amebadilika. Nilipomwonyesha ratiba ya mavazi aliisoma mpaka mwisho, akasema, "Mwambie mwenyekiti alale upande wangu," akaenda kazini, na tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana. Anna naye nilipomuuliza mama yake ana nini, alinijibu, "Dad, it's literally July," akafunga mlango. Nampenda mke wangu, Mama Kasoki, safari hii tumeingoja mno, na naogopa itaharibika. Swali langu basi ni hili: lile koti, nilivae kwenye ndege au nilibebe mkononi?

Mwenye begi lisilofungika, Herndon

MAMA KASOKI ANAJIBU

Baba, umeniomba nisitaje jina lako. Silitaji, lakini kuna fulana arobaini zenye uso wako, kwa hiyo ukijulikana usinilaumu mimi.

Koti usilivae wala usilibebe. Lirudishe kwa mwenyewe leo. Mimi nilikaa Paris miaka mitatu kabla ya kuja huku, na Julai ya Roma naijua, jua lake halina adabu. Beba mashati mepesi matano, suruali mbili, kaptula moja, na sweta moja kwa sababu Paris hunyesha bila kupiga hodi. Makanisani usiingie na magoti wazi, watakurudisha mlangoni. Viatu viwe vile unavyoendea kazini, maana utatembea mpaka ukumbuke dhambi zako, na kiatu kipya ni adui. Soksi utafua kwenye sinki, sabuni huko ipo. Mutai alisema kweli, mwombeni radhi, ila slippers aziache.

Sasa tuzungumze. Barua yako nimeisoma mara mbili. Najua una tai ngapi, najua kofia ilitembea nchi gani. Mke wako je, atavaa nini Lisbon? Hukuandika kwa sababu hujui, na hujui kwa sababu hujamuuliza. Unachokijua ni kwamba begi lake lina mabuti yako. Mwanamke anawavisha na kuwavua wazee wa watu mwaka mzima, anakusanya likizo siku baada ya siku, halafu anafungua begi lake la safari yenu ya kwanza ya wawili anakuta azimio la kamati. Na wewe, mtu mzima, unakwenda kumuuliza mtoto mama ana nini. Nilicheka, sikufichi, kisha nikakasirika.

Nakuonea huruma pia. Hawa watu ndio waliokubebea makochi ulipohama, na siku ya msiba ndio watakaokaa na wewe. Tuko mbali na kwetu, kwa hiyo kamati ndiyo ukoo. Wanakupenda, ndiyo maana wamekufunga. Lakini wajomba walilala chumbani kwenu mara moja, pole sana, na safari hii umewaita mwenyewe, tena thelathini na mmoja.

Usigombane nao. Ninyi Watanzania mna desturi moja ninayowasifu: harusi ikiisha, mnapika, mnakula, mnavunja kamati, na hakuna anayekwenda nyumbani na kinyongo. Fanya hivyo Jumapili hii. Pika pilau ya kutosha watu hamsini. Soma taarifa, urudishe kila nguo kwa mwenyewe kwa shukrani, umpe Bwana Fidelis cheti. Mtu wa kamati akishapata cheti hana la kudai tena. Fulana wavae hapohapo kwenye pilau, uwanjani wasije.

Ila kabla ya pilau, leo hii, toa mabuti na ile suti kwenye begi la Bupe kwa mkono wako mwenyewe. Lipanguse, uliweke kitandani likiwa tupu, kaa chini umuulize anataka kubeba nini. Akinyamaza, usijaze kimya hicho na habari za kikao. Ngoja hata kama ni saa nzima. Akianza kusema, simu yako iwe chumba kingine.

Na usichelewe, baba. Tiketi ya Bupe ina jina la Bupe, haihitaji kura yako wala ya mtu mwingine. Anaweza kuondoka peke yake kwa gauni alilo nalo, na akitaka mtu wa kumpeleka Dulles, namba yangu iko hapo chini.