Kapu la Mabibo

Mivumoni, 10 Novemba 2024

Kwa mwanangu Sidi,

Pokea salamu zangu nyingi, na baada ya salamu, hujambo? Sisi hapa hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisumbua mvua zikikaribia, na yule mbuzi mweusi amezaa pacha. Mmoja nimempa jina lako kwa sababu hasikii.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye simu wewe ni "sawa mama, sawa mama," kisha unakata. Karatasi haikatiki. Na darasa la ngumbaru nilikaa miaka miwili, sikukaa bure.

Sidi, jirani yetu Mramba alipoleta nazi huko hotelini kwenu Galu, alipita mlango wa jikoni akakuona. Alirudi hapa hana raha. Nikamwambia sema. Akasema, "Mama Sidi, mwanao nimemwona saa nne asubuhi ameshika gilasi ya pombe. Anaitikisa, anainusa, anatia kinywani, anafumba macho, kisha anatema kwenye ndoo. Si mara moja. Gilasi sita."

Mwanangu. Mtu anayenusa kitu akatema, mimi namjua ana nini. Nilikuwa hivyo hivyo nilipokuchukua wewe. Kama ni mimba niambie, sitapiga kelele. Nitapiga kidogo tu. Na kama si mimba, basi ni pombe saa nne asubuhi, na hiyo ni mbaya zaidi. Wewe wajua baba yako alitutokaje.

Nijibu upesi. Barua mpe Mramba mkononi, asiitie kwenye nazi.

Ni mimi mamako, Mbeyu.


Galu, 14 Novemba 2024

Mama mpenzi, shikamoo.

Natumai goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa afya, na sina mimba. Mwambie Mramba angebisha hodi ningemweleza mwenyewe.

Mama, ile ni kazi. Mkuu wetu wa chumba cha kulia, Bwana Lewis, amenichagua mimi na mwenzangu Randu kati ya wahudumu wote, anatufundisha mvinyo. Mgeni akikaa mezani anataka mtu wa kumwambia samaki huyu ateremshwe na mvinyo upi, na ladha yake ikoje. Kutema ndiyo kanuni. Tunaonja hata aina ishirini, hatumezi.

Lakini mtu huyo ni mmoja tu. Mwezi wa Januari atakuja mzee wa Nairobi anayeiletea hoteli mvinyo, atatujaribu. Mmoja wetu atapata nafasi. Mwingine, mkataba wake ukiisha mwezi wa pili, hauandikwi tena.

Taabu yangu ni maneno. Kitabu cha Bwana Lewis kimejaa matunda ya Ulaya ambayo sijayaona kwa macho. Randu ameyakariri yote. Mimi nikionja najua kabisa kuna kitu, kimesimama mlangoni, ila jina halitoki. Bwana Lewis akiniuliza, "Sidi, unaonja nini?" namjibu, "Ni mzuri." Juzi akaniambia, "Hata maji ni mazuri."

Ndipo nikakukumbuka. Baba akishuka mtini na kibuyu cha pombe ya mnazi, hakuna mgeni aliyepewa kabla wewe hujaonja. Ulikuwa ukisema, "Huu ni wa mti wa kisimani, na jana ulinyeshewa." Nami nilikuwa naona ni uchawi.

Bwana Lewis ameniruhusu nikuletee chupa nne ndogo, za mtu mmoja. Onja mama, kisha uniandikie. Ukipenda, tema.

Mwanao, Sidi.


Mivumoni, 1 Desemba 2024

Sidi mamangu,

Marahaba. U hali gani? Sisi wazima. Mbuzi Sidi amekula kanga yangu ya kijani.

Chupa zako zilikaa chini ya kitanda siku kumi na mbili. Nikifagia, naziruka. Ngoja nikwambie jambo ambalo sijakwambia. Tangu baba yako aanguke kutoka juu ya mti, mwaka wa tisa huu, sijatia pombe ulimini. Siku ile alinipa kibuyu cha mti wa kwanza nionje mbele ya wageni. Nilipoinama nikasikia harufu, si ya kibuyu, ni yake yeye. Alikuwa amekunywa huko huko juu, na ulikuwa mnazi uliolala, ule mkali. Nilijua. Nikaona haya kumsema mbele za watu. Akaenda kupanda mti wa pili. Pua yangu ilisema kweli, mdomo wangu ukanyamaza. Hilo nalibeba mpaka leo.

Basi leo nimetoka kanisani, nikasema kama mwanangu anatafuta riziki kwa ulimi, acha nimwazime wangu. Nikamwaga tone chini, la baba yako. Mchungaji hakuwapo.

Ule mweupe wa kwanza nilinusa nikacheka peke yangu. Ni bibo la mkorosho, Sidi! Si bibo jekundu, ni lile la manjano, la asubuhi, lina umande bado. Unakata ulimi pembeni kisha unaacha kinywa kimekauka kidogo. Nyuma yake kuna jani la mdimu lililosuguliwa vidoleni. Mpe mtu mwenye changu wa kukaanga, atakuombea dua.

Ule mweupe wa pili ni mnene, unalala kinywani kama tui la kwanza. Una nanasi lililoiva kupita, na moshi. Moshi wenyewe ni wa kifuu, si wa kuni. Huo umekaa ndani ya chombo cha mbao, waulize.

Mwekundu ni zambarau, zile zinazowapaka watoto ulimi, na ukwaju uliokaa kwenye chungu. Ukishapita, inabaki harufu ya udongo wa hapa kwetu tone la kwanza la mvua linapougusa. Huo sikuutema.

Sasa ule wa povu. Kizibo kiliruka chenyewe kikampiga Mramba kifuani, alikuwa amekuja kuuliza mimba imefikia wapi. Alipiga yowe mbuzi wakakata kamba. Lakini Sidi, huo ni mnazi wa alfajiri! Ule unaoshuka mtini sasa hivi, unachoma pua, unacheka ulimini. Tofauti ni kuwa huu ni mkavu, hauna utamu wa kuita nzi. Na ndani kabisa, subiri utausikia, kuna unga wa vitumbua uliolala ukaumuka. Nilionja mimi kwanza, kisha ndipo nikampa Mramba. Wajua kwetu anayetoa ndiye anayetangulia kuonja, mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Yeye alisema, "Mtamu." Huyo usimchukue kazini.

Ni mimi mamako.


Galu, 8 Januari 2025

Mama mpenzi, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Barua yako nilimsomea Bwana Lewis. Alifungua chupa ile ile, akanusa, akanusa tena, akaniuliza, "Mamako amesomea wapi?" Nikamwambia chini ya mti wa kisimani. Ule mnene kweli ulikaa kwenye pipa la mbao.

Tangu hapo ulimi wangu umefunguka. Juzi tulionja wa rangi ya waridi, nikasema ni tikiti maji lililotiwa chumvi na pilipili kidogo. Tukaonja mwekundu mzee, nikasema karafuu na ngozi ya ngoma mpya. Wa povu mwingine nikaukataa: povu lake ni kubwa, linakimbia upesi, kama la sabuni. Lile zuri hupanda jembamba, uzi kwa uzi, halichoki. Randu hucheka, "Leo tena tunakunywa soko la Ukunda!" Lakini akinusa hukubali.

Ila Bwana Lewis amenionya. Yule mzee hajui bibo, hajui zambarau. Siku ya mtihani niseme maneno ya kitabu. Basi nakariri usiku na mchana. Ni Jumamosi tarehe 18. Niombee.

Mwanao, Sidi.


Mivumoni, 17 Januari 2025

Sidi,

Marahaba. Tu wazima. Leo sina salamu ndefu.

Usiseme tunda ambalo hujalila. Akikuuliza mbegu yake ikoje utamjibu nini? Kama hajui bibo, dawa yake ni rahisi, ale.

Mramba ataondoka kesho alfajiri na kapu, maana mabibo hayangoji jua. Yamo mabibo ya manjano, zambarau, mabonge ya ukwaju, majani ya mdimu, na kifuu kilichoungua nusu. Kwenye mkebe wenye kifuniko ni unga wa vitumbua, umeumuka. Huo ni wa kunusa tu, mwambie mzee asiunywe.

Mamako.


Galu, 20 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Kapu lilifika. Asante, na Mramba asante. Mama, nilikosea mara mbili.

Kwanza nilitakiwa kumfungulia mzee chupa mezani. Huku ni mgeni anayeonja kwanza, sisi hatugusi. Mkono wangu ukaenda wenyewe! Nikajimiminia tone, nikaonja mbele yake, ndipo nikampa. Bwana Lewis alifumba macho. Mzee akaniuliza, "Binti, ulikuwa na kiu?" Nikamwambia, "La mzee, kwetu anayetoa hutangulia kuonja, mgeni awe na amani." Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kisha zikaja gilasi sita zisizo na majina. Ya kwanza, bibo tupu. Nikaogopa, nikataja tunda la kitabuni. Akaniuliza, "Ukilikata, ndani lina rangi gani?" Ni kama ulikuwa umesimama nyuma ya kiti chake.

Nikasema, "Mzee, nimekudanganya. Tunda hilo silijui. Ninalolijua liko jikoni." Nikakimbia nikaleta kapu. Nikampa bibo, akaliuma kama anavyouma embe, maji yakaruka yote kwenye shati lake jeupe. Sikuwahi kumwonya. Akatafuna, akanywa mvinyo juu yake, akatafuna tena, mimi nazeeka nikingoja. Kisha akasema, "Endelea." Gilasi tano zilizobaki nilizisema zote kwa maneno yetu, na kila nililotaja nilimwekea mbele. Unga wa vitumbua aliunusa mara tatu.

Lakini Randu naye alijibu kila kitu sawasawa kwa kitabu, na hakumchafua mtu shati. Jibu litatoka Februari. Tarehe 8 mzee atarudi hapa kuwakaribisha wageni wake wakubwa, na kwa ajili yao ameacha kasha la mvinyo mwekundu alioagiza mwenyewe. Alitoa chupa moja humo akasema, "Hii ya mamako, ya shukrani kwa kapu." Ndiyo hiyo anayo Mramba.

Mwanao, Sidi.


Mivumoni, 2 Februari 2025

Sidi mamangu,

Marahaba. Goti limepoa. Nawe?

Ile chupa ya mzee ni mbovu.

Nimeandika hivyo kwa sababu nikizunguka nitaogopa. Mramba alikitoa kizibo kwa parafujo. Nikanusa, nikatafuta tunda, hakuna tunda. Limekufa. Kuna gunia la mbata, la nazi kavu, lililonyeshewa likakunjwa bichi. Nikasema labda pua imezeeka. Nikanusa chungu cha mboga, nikanusa mbuzi Sidi, kila kimoja kinanuka kama kinavyonuka. Nikarudi kwenye chupa. Gunia.

Nikakaa jikoni nafikiri. Zawadi ni ya yule mzee, na yeye ndiye wa kukupa kazi au kukunyima. Nani anamwambia mtu kama huyo mvinyo wako unanuka? Nilitaka kukuandikia tu, "Asante, mzuri sana." Nikaijua ile haya, Sidi. Ni ile ile ya siku ya baba yako. Imekuja kwangu mara ya pili, nimeifukuza.

Mwambie kabla hajawapa wageni wake. Chupa nakurudishia, nimeiziba kwa gunzi. Usimpe aonje kwanza yeye. Tangulia wewe, mbele yake, kisha useme ulichokisikia. Kazi ikienda na iende, vitumbua vya kuuza vipo, na mimi nipo.

Ni mimi mamako, Mbeyu.


Galu, 10 Februari 2025

Mama mpenzi, shikamoo.

Mzee alifika Jumamosi mapema. Bwana Lewis alinisihi, "Sidi, subiri baada ya karamu." Randu akasema, "Dada, mimi ningenyamaza." Nikaweka chupa yako mezani, na gunzi lake. Nikajimiminia, nikaonja, nikamwambia mzee, "Mama anashukuru, ila mvinyo huu umeharibika. Unanuka gunia la mbata lililolowa."

Akaunusa. Uso ukamwiva. Akasema lile kasha lote lifunguliwe. Nilianza mimi kila chupa, yeye akafuata. Kati ya kumi na moja zilizobaki, tulikuta nne zina gunia. Mbili kati ya hizo ndizo zilizokuwa zimetengwa kwa meza yake mwenyewe. Akaniuliza, "Mamako amejuaje?" Nikamwambia, "Alijua tangu zamani. Safari hii amesema."

Nimeanza leo asubuhi, mama. Nafasi ni yangu. Randu amepata kazi hoteli ya jirani, kwa kitabu chake hicho hicho. Na mimi kila meza naanza kwa kuonja tone, mzee ndiye aliyeagiza. Wageni wakiuliza, nawaeleza.

Anataka uje Galu kabla msimu haujaisha, muonje pamoja. Njoo na kapu. Amesema safari hii atavaa shati jeusi.

Mwanao, Sidi.