Kokoto za Mlangoni

Kajaani, 14 Januari 1991

Shikamoo Bibi,

Hali yako? Kifua je, bado kinakusumbua? Sisi wazima, ila Baba halali vizuri. Wiki iliyopita alimwaga kokoto kwenye barafu ya mlango wa maduka anayoyatunza, watu wasiteleze, kama kila mwaka. Mwenye maduka, Bwana Rautio, akatoka mbio: “Veikko, unataka kunikwaruzia sakafu mpya? Fagia takataka hizo! Mwaga chumvi.”

Baba akamwambia kwamba baridi ikizidi hivi, chumvi inayeyusha kidogo mchana, halafu jua likizama pote panakuwa kioo. Rautio akacheka: “Wewe fundi au profesa?”

Baba akafagia.

Mjukuu wako,
Tuulikki

Sotkamo, 18 Januari

Mjukuu wangu,

Barua imefika, nimefurahi. Kifua kimetulia. Kuni napasua mwenyewe, na paka amenenepa kuliko jirani. Mwambie huyo Rautio atembee hapo mlangoni na soksi, tumwone. Na babako naye! Tangu utotoni hata jogoo wetu alikuwa akimwamrisha.

Alhamisi nakuja kwa basi, nina miadi na daktari wa meno hapo hapo madukani. Nimempigia babako, amesema, “Njoo tu Mama, uwanja wa maduka ni salama.” Nitakuletea mkate wa shayiri.

Bibi yako

Kajaani, 22 Januari

Shikamoo Bibi,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Tafadhali usije Alhamisi. Uwanja si salama. Jana watu wawili walianguka pale mlangoni. Nilitaka kukupigia simu, Baba akanikataza: “Usimtishe mama yangu.” Nikamwomba basi amwage kokoto siku hiyo moja tu. Akasema, “Niache, Tuulikki. Nikifukuzwa, nani ataniajiri mji huu?”

Natuma barua sasa hivi, kabla posta haijafungwa. Ukiipata, kaa nyumbani.

Mjukuu wako,
Tuulikki

Kajaani, 3 Februari

Shikamoo Bibi,

Pole sana. Umeamkaje huko wodini? Wanakupa dawa ya maumivu? Jirani yako anasema barua yangu ililetwa Ijumaa, wewe ukiwa tayari umelazwa.

Daktari amemwambia Baba kwamba nyonga haitaunga vizuri na hutaweza tena kuishi peke yako. Sijui kama na wewe umeambiwa. Nimeona nikuambie, kwa sababu Baba hatakuambia.

Siku ya pili baada ya wewe kuanguka pale mlangoni, Rautio alikuja mwenyewe. “Mwaga kokoto, Veikko. Mwaga nyingi.” Baba alimwaga mpaka nikaenda kumwita ale, akakataa kuja.

Tutakuja Jumapili.

Mjukuu wako,
Tuulikki

Hospitalini, 12 Februari

Mjukuu wangu,

Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Maumivu ni yale yale. Nilikuwa nimeambiwa, usijali. Paka kachukuliwa na jirani, na nyumba wanaifunga mwisho wa mwezi. Wamenitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Nimekubali, ningefanya nini?

Jumapili ijayo njoo peke yako. Ulipokwenda kuninunulia maji, babako alibaki hapa ameshika kofia, ananieleza habari za theluji. Nilimsubiri afike kwenye kokoto. Mwishowe nikamwambia, “Veikko mwanangu, sema.”

Akajibu, “Ndiyo, Mama.” Akavaa kofia, akatoka.

Bibi yako