Nilimpigia Panya Vigelegele

Alhamisi. Mvua imepiga Bukoto tangu alfajiri, nguo nilizofua jana bado zimelowa kwenye kamba, na mimi leo sitaki kujiona hata kwenye kioo.

Aibu imenishika, jamani. Acha niandike.

Asubuhi tulikuwa mezani mimi na shangazi Zaituni, tunakunywa chai ya tangawizi. Shangazi ni dada wa marehemu baba. Alitoka Bombo kuja kwangu kwa matibabu, mara tu Ramadhani ilipoisha. Kichwani, kwenye ngozi, kilimwanza kitu kama alama ya kujigonga, ya zambarau. Kikawa hakiponi, kikatambaa, kikafanya kidonda. Hospitali wakasema ni kansa ya mishipa ya damu, na ni adimu sana. Hata daktari alilitaja jina lake polepole.

Basi simu ikalia. Ni Okello, mwenzangu wa maabara, anapiga kelele: "Hadija, imeota! Kwa sikio! Imeota!"

Nikaruka. Nikapiga vigelegele palepale, kikombe mkononi.

Na shangazi, bambi, maskini wa watu, akaweka chai chini akanipokea. Wanawake wa Kinubi kwa vigelegele huwawezi. Alivivuta mpaka jirani wa juu akatugongea sakafu. Kisha akanishika mikono yote miwili: "Alhamdulillahi! Dawa imepatikana?"

Hapo nilitaka ardhi ipasuke.

Kwa sababu kilichoota ni uvimbe. Shangazi anajua nafanya utafiti wa kansa, basi; hajui kwamba kazi yangu ni panya. Panya wadogo weupe, ambao vinasaba vyao vimebadilishwa ili mishipa yao iote kansa ileile aliyo nayo yeye. Wagonjwa wa kansa hii ni wachache mno, hupati watu wa kutosha kujaribia dawa, kwa hiyo inabidi tuwatengeneze wagonjwa wenyewe. Tumengoja miezi panya wetu waugue. Hawaugui, wananenepa tu. Leo mmoja ameugua, na kwetu hiyo ni sikukuu. Okello kanunua soda.

Ningeweza kudanganya. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mikono yake bado ilikuwa imenishika, nikamweleza: dawa hakuna, hata karibu haijafika, ni panya tu amepata ugonjwa kama wako.

 Kiswahili cha shangazi ni kile cha kambi ya askari alikozaliwa, na akitaka kuuliza jambo hazunguki.

"Sasa wewe nafurahi sababu panya ameshika ugonjwa yangu?"

"Ndiyo, shangazi." Ningejibu nini?

Nilitegemea anikasirikie. Wala! Akamega mandazi, akatafuna, akauliza tena: "Na hiyo panya, iko na mtu ya kuiangalia?"

Ah, hapo nikaona nina la kujivunia. Ulimi ukateleza. Nikamwambia tunawaangalia kila siku, hata Idi. Tunawashika mmoja mmoja, tunawapapasa kwa vidole, masikio, mkia, tumbo, taratibu wasiumie, tukihisi kijipele tu tunajua. Na mimi, shangazi, ndiye wanayemsifu kwa mkono mwepesi!

"Iko na bahati," akasema. Akakivuta kitambaa chake kichwani, akakikaza.

Ni hilo tu. Hakukusudia kunichoma, namjua. Lakini mkono wake ulipogusa kile kitambaa, nikasikia maneno yangu mwenyewe.

Sijawahi kuangalia chini ya kitambaa kile.

Tangu aje. Kidonda anajisafisha mwenyewe bafuni, mlango kafunga, kwa kile kioo changu kidogo cha kupakia wanja. Namsikia akivuta pumzi kwa maumivu, na mimi naongeza sauti ya redio. Nimekuwa nikijiambia eti ni heshima, mtu mzima hafunuliwi kichwa. Heshima gani! Ni woga mtupu. Nikiwa mdogo huyu ndiye aliyenisuka kila Ijumaa, nikilia, nikimpiga mateke, na vidole vyake havikuondoka kichwani kwangu mpaka amalize.

Kesho ana miadi hospitali. Nilikuwa nimeshamtafutia dereva wa kumpeleka peke yake, eti mimi nina kazi. Kazi yenyewe ni kumpima yule panya wa sikio. Mchana nikamwambia Okello ampime yeye, mimi siji. Akaguna, akakubali.

Nikadhani nimejisafisha. Jioni, baada ya magharibi, nimechemsha maji, nimeyaacha yapoe kidogo, nimechukua pamba na bandeji, redio nimezima. Nikabisha mlango wa bafuni.

"Shangazi, nifungulie nikusaidie."

 Ikatoka sauti yake, laini kabisa: "Nimemaliza, mwanangu. Nenda pumzika. Hiyo panya imekuchosha."

Hajamaliza. Namsikia bado anamwaga maji, na ile pumzi, leo bila redio naisikia yote. Nimekaa sakafuni hapa koridoni, beseni liko pembeni yangu, naandika haya kwenye simu. Nilizoea kufungua vizimba mwenyewe, sikuwahi kufikiri kwamba mgonjwa anaweza kunikatalia.

Maji yanapoa. Niyapashe tena, au nibishe kwanza?

Nabisha.